Kuhusu Bwawa Tunalotaka Kupewa

(Mazungumzo haya yalitolewa asubuhi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya wanachama kupiga kura. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)



Kamati ilinituma nikalitazame bwawa ambalo mwenzetu anataka kulitoa kwa chama, kisha nije niseme mbele yenu kama tulipokee au tusilipokee. Nimekwenda mara mbili, kwanza mwezi wa Oktoba wakati wa kiangazi, halafu mwezi wa Machi mvua ilipokuwa imekolea. Sikuchaguliwa kwa sababu ya busara. Nilichaguliwa kwa sababu nilifanya kazi ya maji miaka 34, na katika Mbinga nzima ni mimi peke yangu katika chama hiki ambaye bado ninayo kamba ya kupimia. (Kicheko.)

Nimshukuru kwanza mtoaji, ambaye amekaa pale mstari wa mbele na ananitazama vibaya. Ndugu yetu huyu alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake, na badala ya kujenga baa kama wengi wetu tulivyofanya, alizuia kijito akapata bwawa. Akapanda ukoka, akajenga vibanda vitatu vya nyasi, akaweka perege. Siku za Jumapili watoto wa mjini huja kuoga, na wakubwa huketi vivulini wakaongea mambo yao. Mahali ni pazuri, sisemi uongo. Wale tuliolala bweni moja tutakumbuka tulivyokuwa tukitoroka kwenda kuoga kwenye kidimbwi cha mto, na bakora tulizokula kwa mwalimu wa zamu. Nadhani ndugu yetu alikuwa akikijenga tena kidimbwi kile, safari hii bila mwalimu wa zamu.

Sasa anasema nguvu zimepungua, watoto wake wako mbali na hawana habari na Mbinga. Analitoa bwawa pamoja na ardhi yake, karibu eka nne, tupafanye mahali petu pa kukutania. Hakuna anayeupinga ukarimu huo. Lakini hapana budi tujue tunapokea nini.

Nianze na tuta. Ni la udongo mtupu. Pale penye kina kirefu lina kimo cha mita 4.5, na kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ni mita 65. Bwawa likijaa, kina cha maji mbele ya tuta ni mita 3.5, upana wa maji ni mita 60, na mkia wa bwawa unarudi nyuma bondeni mita 120. Sisi watu wa maji tunayo hesabu ya haraka: zidisha hivyo vitatu, ugawanye kwa sita. Utapata mita za ujazo 4,200. Kila mita ya ujazo ni tani moja ya maji. Hayo ni madebe 210,000. Au niseme hivi: ni malori 600 ya tani saba saba, yameegeshwa juu ya mteremko, na breki yao ni udongo.

Mtu akisikia "bwawa dogo" moyo hutulia. Lakini mimi kazini nilifundishwa kuuliza kwanza kilichoko chini ya bwawa, ndipo niulize ukubwa wake. Huku kwetu si uwanda wa Dodoma, ambako tuta likivunjika maji hutawanyika na kunyweshea mbuga. Nchi yetu inaporomoka kutoka milima yenye mita zaidi ya 1,300 mpaka ziwani, mahali ambapo ni chini ya mita 500, na kila bonde ni kama mfereji uliochongwa. Maji yakiachiwa juu hayana pa kutawanyikia.

Basi niliteremka kwa miguu. Hatua 200 chini ya tuta kuna bustani za mboga za akina mama. Hatua 350 kuna daraja la magogo wanalopita watoto wa shule ya msingi asubuhi na mchana. Hatua 600, kando ya kijito, kuna nyumba tatu. Ya kwanza ni ya mzee mnayemfahamu nyote: ni yule aliyetupikia ugali na maharage hapa shuleni, miaka yote minne ya darasa letu na mingine mingi. Alinikaribisha kahawa. Akaniuliza kama bwawa lile lina mwenyewe. Nikamjibu, "Lina mwenyewe, mzee wangu." Akasema, "Basi mwambie usiku wa mvua kubwa mimi hulala nimevaa viatu."

Maneno hayo nilimfikishia ndugu yetu siku ile ile. Hakukasirika. Alinyamaza muda mrefu.

Nije kwenye utoro wa maji, yaani ile njia ya kupitishia maji ya ziada bwawa likijaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mabwawa ya udongo mengi hufia hapa. Tuta la udongo linaweza kuzuia maji, lakini haliwezi kupitisha maji juu ya kichwa chake. Maji yakianza kumwagika juu ya tuta huuchukua udongo kidogo kidogo upande wa chini, mtaro unachimbika, unarudi nyuma kuelekea bwawani, na kwa saa chache au hata dakika chache kazi imekwisha.

Utoro wa bwawa letu ni mabomba mawili ya plastiki yenye upana wa sentimita 30, yamepitishwa ndani ya tuta. Mbele yake ndugu yetu amefunga wavu wa chuma, perege wasitoroke. Nimepiga hesabu. Mabomba hayo yote mawili, yakiwa safi kabisa, hayafikishi nusu ya mita ya ujazo kwa sekunde. Sasa tazama eneo linalomimina maji yake mle: ni kama kilomita za mraba 1.5. Ikinyesha mvua ya milimita 60 kwa saa moja, jambo ambalo huku kwetu si muujiza, maji yaliyoanguka ni mita za ujazo 90,000. Tuseme nusu imezama ardhini. Zinabaki 45,000, zaidi ya mara kumi ya bwawa zima, na zikishuka kwa muda wa saa mbili ni mita za ujazo zaidi ya sita kila sekunde. Zinataka kupita katika nusu. Na nusu yenyewe nilipokwenda Machi ilikuwa imezibwa na majani, matawi ya mibuni na gunia moja la mbolea.

Mniruhusu niseme kitu nje kidogo ya njia. Milima yetu zamani haikuwa ikimimina maji namna hiyo. Mmatengo alipolima ngoro, alijaza mlima mzima mashimo yaliyozungushiwa matuta juu ya nyasi zilizolazwa, kila shimo likishika maji yake na kuyapokeza la chini yake taratibu. Hayo yalikuwa mabwawa maelfu kwa maelfu, na hata moja likibomoka halikumuua mtu. Wageni waliosoma vyuo vikuu wametoka mpaka Japani kuja kujifunza jambo hilo. Sehemu ya juu ya bonde lile sasa haina ngoro; imelimwa matuta ya kawaida, na mahali pengine imebaki tupu. Kwa hiyo hata ukikuta utoro uliotosha mwaka 1985, usidhani unatosha leo.

Kuhusu wavu wa samaki, wapo waliotutangulia. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilikuwako bwawa la udongo liitwalo South Fork. Lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa meli, mfereji ukafa kwa sababu ya reli, bwawa likauzwa. Mmoja wa walionunua aling'oa mabomba ya chuma ya kufungulia maji chini ya tuta, akayauza kama chuma chakavu. Mwaka 1879 likaingia mikononi mwa klabu ya matajiri wa Pittsburgh, watu wa aina ya Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, waliotaka pa kuvulia samaki na kupumzikia. Klabu ilikishusha kichwa cha tuta ili magari ya farasi yapishane, na ikaweka wavu kwenye utoro ili samaki wasiende zao. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha. Wavu ukaziba. Watu wa klabu wakaja na majembe kujaribu kuchimba njia nyingine, wamechelewa. Tuta lilivunjika alasiri, na mji wa Johnstown, ulioko kilomita 22 chini, ukafagiliwa. Walikufa watu 2,209. Klabu ilishtakiwa, na hakuna aliyeshinda kesi. Mahakama zilisema mvua ile ilikuwa kazi ya Mungu.

Sisi hatuna akina Carnegie, nami sitaki kutisha watu kwa mfano wa bwawa lililo kubwa kuliko letu mara maelfu. Nataka muone namna mambo yalivyofuatana: wenye mali wa kwanza wakaondoa mabomba, wa pili wakapunguza tuta, wakaweka wavu, na kila jambo lilikuwa dogo na lilikuwa na sababu yake nzuri.

Hata ziwa letu limewahi kuonja habari ya kuzibwa. Ziwa Nyasa lina utoro mmoja tu, nao ni Mto Shire kule Malawi. Ziwa lilipopungua, mdomo wa mto ule ukajaa mchanga na matete, na tangu mwaka 1915 mpaka 1935 maji hayakutoka kabisa. Ziwa likapanda mita kadhaa, ndipo likapata nguvu ya kujifungulia. Wazee wa pwani ya Mbamba Bay na Liuli wanajua vizuri kuliko mimi maana ya kuhamisha nyumba kwa sababu ya ziwa. Lakini ziwa lilipanda polepole, mwaka hadi mwaka. Bwawa la kijito halikupi hata usiku mmoja.

Nirudi kwenye tuta. Upande wake wa chini umesimama mno, karibu hatua moja ya kwenda mbele kwa hatua moja ya kupanda, wakati udongo wa namna ile ungetaka mbili au zaidi. Katikati, mahali wanapopita watu na mbuzi, kichwa kimelika sentimita 40, kwa hiyo ile mita moja ya usalama juu ya maji imebaki sentimita 60. Juu ya tuta imepandwa mikaratusi kumi na moja kwa ajili ya kivuli. Mti ni mzuri popote ila juu ya tuta. Upepo ukiung'oa unaondoka na kipande cha tuta, na ukiukata mizizi yake huoza na kuacha vijia ambavyo maji huvipenda sana. Kaa wamechimba mashimo upande wa maji, na fuko upande wa pili.

Lililonikosesha usingizi lakini liko chini kabisa, kwenye unyayo wa tuta. Oktoba palikuwa na unyevu na majani mabichi kupita mengine. Machi palikuwa na maji yanatoka, unene wa kidole. Kuvuja si dhambi. Kila tuta la udongo hutoa jasho kidogo. Unalotaka kujua ni kama maji yanayotoka ni maangavu au yana udongo. Niliyachota kwenye chupa ya soda, nikaiweka dirishani usiku kucha. Asubuhi palikuwa na tope laini chini, unene wa ukucha. Maana yake tuta linatoka nje, punje kwa punje, na ndani yake tundu linakua. Ndugu yetu aliniambia kwa uaminifu kwamba hakuchimba mtaro wa msingi mpaka kwenye udongo mgumu. Tingatinga lilikodiwa siku tatu, likasukuma udongo wa juu pamoja na nyasi zake, halikuushindilia tabaka kwa tabaka. Bomba la kufungulia maji chini hakuliweka, kwa kuwa fundi alimwambia ni gharama ya bure. Kwa hiyo likitokea jambo usiku, hakuna koki ya kufungua.

Nisimseme yeye peke yake. Mwaka niliostaafu nilichimba kibwawa changu cha samaki kule kwetu, mimi niliyeandika taarifa za mabwawa ya watu wengine miaka yote ile, na sikukijengea utoro. Nilisema nitaujenga mwakani. Mvua haikungoja mwakani. Kilivunjika mchana, nashukuru Mungu, kikazoa bustani ya jirani yangu na kumwacha mjukuu wake ameng'ang'ania mgomba. Nililipa maharage na mbuzi wawili, na jirani akapokea. Lakini mpaka leo akipita mbele ya nyumba yangu hunisalimu kwa "habari za samaki".

Sasa Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo la mtu binafsi, liitwalo bwawa la Patel, lilivunjika wakati wa mvua nyingi. Lilikuwa ndani ya shamba kubwa la kahawa, na chini yake walikaa watu maskini. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto, baadhi wakiwa wamekwisha kulala. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema bwawa halikuwa na kibali. Kesi ilifunguliwa Naivasha mwaka huo huo, ikaanguka 2020 kwa sababu ya upande wa mashtaka kusuasua, ikafufuliwa tena. Nimeitaja Solai kwa kuwa ni watu kama sisi, kahawa kama yetu, mteremko kama wetu. Majirani walikuwa wakiliona bwawa lile kila siku. Walizoea.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ni ya udongo. Sasa niseme juu ya umiliki, ambao ndiyo hasa tunaoombwa kupigia kura.

Tukisema "bwawa la fulani" tunachanganya vitu vitatu. Ardhi katika nchi hii ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zinatupa haki ya kuitumia. Maji nayo ni hivyo hivyo: nilipoanza kazi tulikuwa na sheria ya 1974 na tuliomba "haki ya maji", na sasa ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009, ambayo ina sehemu nzima juu ya usalama wa mabwawa, pamoja na kanuni zake za mwaka 2013. Basi ardhi si yako kabisa, maji si yako hata kidogo. Kilicho chako bila ubishi ni tuta, na dhima yake. Ndugu yetu hana kibali cha kujenga wala cha kuzuia maji. Hakuna aliyemfuata, naye hakumfuata mtu.

Liko na jambo la kienyeji ambalo hakuna wakili wa Dar es Salaam atakayeliona. Kwetu ardhi ya ukoo ni ntambo, mgongo wa mlima kutoka kileleni mpaka kijitoni, na kijito ndicho mpaka. Tuta linazuia kijito. Basi mguu mmoja wa tuta umekanyaga ntambo wa ndugu yetu, na mguu wa pili umekanyaga ntambo wa watu wengine. Nilikwenda kuwaona. Wanasema marehemu baba yao alikubali kwa mdomo, baada ya kupewa perege kila Krismasi. Perege wamekoma kuja miaka minne sasa. Hawana ugomvi, wanangoja tu kuona nani anakuja. Tukiingia sisi na hati inayosema eka nne, tutakuwa tumepewa nusu ya tuta. Na nusu ya tuta haizuii maji.

Tena chama chetu chenyewe. Nimemuuliza Katibu kama tuna bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Hatuna. Chama bila wadhamini waliosajiliwa hakiwezi kushika ardhi kwa jina lake, kwa hiyo karatasi ingeandikwa kwa majina ya watu watatu wanne, na mafuriko yakija hao ndio watakaotafutwa, au wajane wao.

Wengine wameniambia, mvua ni kazi ya Mungu, mahakama haitatulaumu. Neno hilo lina historia. Uingereza, mwaka 1868, mabwana wakubwa wa sheria waliamua kesi ya Rylands na Fletcher, ambamo maji ya bwawa la kiwanda yaliingia katika mgodi wa makaa ya mawe wa jirani. Wakasema mwenye kuleta na kukusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, amekiweka kwa hatari yake mwenyewe. Mwaka 1876 mwanamke mmoja mwenye mabwawa ya urembo huko Cheshire alisamehewa, ingawa maji yake yalibomoa madaraja manne ya kaunti, kwa sababu wazee wa baraza walisema mvua ilikuwa ya ajabu naye hakuzembea. Watu huishia hapo wakafurahi. Lakini mwaka 1917 ikaja kesi ya mji wa Greenock, Scotland. Halmashauri ya mji ilikuwa imezuia kijito ili kuwatengenezea watoto kidimbwi cha kuchezea maji katika bustani ya umma. Mvua kubwa ikaja, maji yakafurika, mali za watu zikaharibiwa, na halmashauri ikajitetea kwa kazi ya Mungu. Ilishindwa. Ukikizuia kijito kilichokuwa kikipita salama, ni juu yako kuhakikisha walio chini wanabaki salama kama walivyokuwa. Na sheria hizo za Kiingereza, kama zilivyokuwa mpaka tarehe 22 Julai 1920, ndizo tulizorithi. Kidimbwi cha watoto! Sina la kuongeza hapo.

Habari ya kuoga nitaipitia haraka. Vijana wa pwani ya ziwa wanajua kuogelea kabla hawajajua kusoma. Watoto wa milimani wengi hawajui, na ukingo wa bwawa lile unazama ghafla. Tukifungua mahali pale kwa jina la chama, lazima awepo mtu wa kulinda, na sehemu ya wadogo itengwe kwa kamba. Konokono wa kichocho nao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni. Mganga wa wilaya aombwe kupima.

Nimeulizwa maoni yangu, nayo ni haya. Tusilipokee leo. Tusilikatae pia, maana tukilikataa litabaki vile vile juu ya nyumba zile tatu, na tofauti itakuwa kwamba sisi tumenawa mikono.

Wavu uondolewe wiki hii, hata kama perege wote watakwenda Ziwa Nyasa. Maji yashushwe mita mbili kabla ya mvua za Novemba, na yabaki huko chini mpaka kazi iishe. Uchimbwe utoro wa wazi, upana mita 10, si juu ya tuta bali pembeni kwenye ardhi ya asili, na upandwe ukoka. Mikaratusi itolewe na mizizi yake, mashimo yashindiliwe upya. Upande wa chini wa tuta uongezwe udongo ulale, na pale panapovuja pawekwe kichujio cha mchanga na kokoto, maji yatoke bila kubeba tuta. Bomba la chini lenye koki liwekwe wakati bwawa liko karibu tupu. Mhandisi mwenye sifa atie sahihi michoro. Mimi ni fundi sanifu tu, sahihi yangu haitoshi. Kibali kiombwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Wenye ntambo wa ng'ambo waitwe, pamoja na serikali ya kijiji na wale wa nyumba tatu, na makubaliano yaandikwe. Wadhamini wasajiliwe. Na apatikane mtu mmoja, anayelala pale pale, mwenye koleo, tochi na mshahara, ambaye kazi yake ni kuamka mvua inaponyesha. Wanachama wanaokaa Dar es Salaam, Songea na Mtwara hawawezi kuamka kwa niaba ya tuta lililoko Mbinga.

Gharama yake nimeiandika kwenye karatasi aliyonayo Mhazini. Ni kubwa kuliko thamani ya eka nne. Mkiona haifai, basi lipo la pili: tulibomoe sisi wenyewe kwa utaratibu, wakati wa kiangazi, tukilikata taratibu kutoka juu mpaka kijito kipite huru, na ndugu yetu abaki na bustani yake na vibanda vyake, nasi tukutane pale pale kandokando ya kijito. Kwangu mimi hilo la pili si aibu.

Mengine hayangoji kura. Jumatano iliyopita, kwa ridhaa ya ndugu yetu, tulipitisha mipira miwili ya inchi nne juu ya tuta, tukaijaza maji, tukaanza kuyavuta. Tunashusha sentimita 20 kwa siku, si zaidi, kwa sababu tuta lililolowa likiondolewa maji ghafla huporomoka upande wa ndani. Kufikia asubuhi ya leo tumeshusha sentimita 60. Ndugu yetu mwenyewe ndiye aliyekesha kulinda mipira usiku wa kwanza. Usiku wa pili alikuja mzee wetu mpishi, na sufuria.

Baada ya chakula cha mchana gari litaondoka pale mlangoni kwa wanaotaka kwenda kuona kabla ya kura. Njia ya kushukia ni ya tope, mje na viatu vinavyofaa.